Udongo Hapo Tosha

Ruti, Mbarara
9 Juni 2024

Kwa yaya Pélagie, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao hauna habari mpya kuliko ile ya mwaka jana. Mke wangu Eliane anakohoa kwa sababu ya vumbi la barabara ya Kabale, lakini anakula. Natumaini nyumba yako yote ina afya, na kwamba maharage yamelishinda jua.

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu hushiki. Barua hii nimempa Provia, yule mama anayekuja huko Nakivale kununua mahindi. Ameahidi kukukabidhi mkononi.

Yaya, nimesikia. Watu wa kanisa lenu wanapita hapa Ruti, na midomo wanayo. Umesimama katika kikao cha akina mama ukasema kwamba mdogo wako amemuuza mume wako. Umenisema mbele ya watu nisioweza kuwajibu, kwa hiyo nakujibu hapa. Ukitaka kuisoma barua hii kanisani, isome yote, usiruke.

Wewe hujafika tunapofanya kazi, basi nianze hapo. Nje ya mji kuna kilima chenye nyumba tatu za zamani ambazo serikali inazihifadhi. Moja ni kubwa, ya nyasi, ya chifu. Moja ni ndogo, wakristo wa kwanza walisali humo. Ya tatu ni ghala la wafanyabiashara waliokuja na vitambaa kutoka upande wa Karagwe, kabla Mzungu hajapima barabara yoyote hapa. Wanapaita Boma la Kale. Ni udongo na mafito tu, lakini watu wanalipa kiingilio kuja kuzitazama. Sisi tuliitwa kuziba chini ya ukuta wa ghala, pale maji ya mvua yanaporukia. Juu ya hapo hatukutakiwa kugusa. Udongo wa juu ulikuwa ule ule wa kwanza, na wanawake waliokandika waliacha alama za vidole vyao, mistari inayopinda kama nywele zilizochanwa.

Mimi nilikuwa kapita, msimamizi wa Wakongomani wote pale, kwa sababu nimekaa na Waganda mpaka Kiswahili chao nakielewa. Juu yangu yuko Elly, mwanajeshi mstaafu. Kiswahili chake ni cha kambini: kifupi, na kila neno ni amri. Siku ile nilikuwa nimeshuka na gari kufuata samadi ya kuchanganyia. Elly akapita, akaona pale chini pameshaziba vizuri. Akanyoosha kidole ukutani, akasema, "Udongo hapo tosha!" Akaenda kula.

Kwa Elly maana yake ni kwamba udongo umefika kiasi, acheni. Shemeki Mihigo alisikia nini, wewe unajua: kwetu kutosha kitu ni kukiondoa. Niliporudi ukuta ulikuwa uchi mpaka kwenye mafito, na mume wako anafagia, amefurahi kwamba amemaliza mapema.

Mkubwa wa Boma, bwana Conrad, aliniuliza, "Nani alishika jembe?" Nikasema Mihigo, naye akafukuzwa. Ulitaka niseme jembe lilijishika lenyewe? Hilo ndilo neno nililolisema, na kila mtu alikuwa anamwona amelishika. Kama huko ni kuuza, nimeuza kitu kilichokuwa kimeanikwa nje.

La mwisho. Nimesikia Mama Ancilla anawapanga akina mama wa kanisa waje kutembea Boma mwezi ujao. Wewe usije. Kuna maneno yanasemwa mbele ya ule ukuta, anaambiwa kila mgeni, nawe hutayapenda.

Mdogo wako,
Modeste


Nakivale, Rubondo
21 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Modeste,

Barua yako imefika, na Provia amekula ugali wangu juu yake. Salamu nimezipokea. Eliane anywe maji ya moto na tangawizi. Mgongo wako pole. Sisi tuko. Umeuliza habari za maharage, hukuuliza habari za Mihigo. Maharage hayajambo.

Mihigo anakaa nyuma ya nyumba. Asubuhi anakaa upande wa kivuli, mchana kivuli kikihama naye anahama. Mtu huyu amejenga nusu ya nyumba za zoni yetu. Wewe mwenyewe ulipofika hapa ulilala chini ya paa alilolifunga yeye, ukasema hujawahi kulala mahali pasipovuja tangu Uvira. Sasa akipita njiani watoto wanapiga kelele, "Tosha! Tosha!" halafu wanakimbia. Jirani yangu mjane alitaka kukandika jiko lake, akamwita mtu kutoka Juru. Nikamuuliza, mama, mbona unaenda mbali? Akaniambia, "Jiko langu lingali jipya, namwogopa mume wako." Akacheka, na wenzake wakacheka. Huko Mbarara ndiyo usiseme. Alikwenda kuomba kazi kwenye jengo moja, msimamizi akamuuliza jina. Alipolitaja, yule akaita wengine, "Njooni mumwone yule wa ukuta!" Walimtazama kama wanavyotazama hizo nyumba zenu.

Na kosa lake ni nini? Nionyeshe. Kwetu kutosha ni kutosha. Tunatosha sufuria motoni. Tunatosha mtoto majini. Pasta anatosha pepo. Mwanajeshi ananyoosha kidole ukutani anasema udongo tosha, na mtu anayeheshimu kazi afanye nini? Akae apige soga na kidole?

Mimi sitaki kazi yenu wala kitu chenu. Nataka jina lake. Nenda kwa huyo Conrad umwambie: Elly alisema neno hili, na kwa Mkongomani neno hili ni amri ya kubomoa. Ni maneno machache, unaweza kuyasema umesimama mlangoni. Ukapita ulipewa kwa sababu ya ulimi. Sasa ulimi huo una kazi gani, kulamba sahani?

Na nitakuja. Mama Ancilla ameshaniandika. Akina mama wanafurahi sana, wamesikia ni parke, wanadhani watamwona twiga. Sikuwaambia kitu. Mimi nakuja kusikia hayo maneno.

Yaya wako,
Pélagie


Ruti
30 Juni 2024

Yaya Pélagie,

Amani iwe kwenu. Eliane amekunywa tangawizi, anashukuru, na kikohozi nacho kinashukuru, maana kimekaa pale pale. Shemeki Mihigo mnisalimie. Nimeuliza sasa, usiseme sikuuliza.

Unaniambia niende kwa Conrad kana kwamba jambo hilo halikunijia kichwani. Nilimwambia Elly jioni ile ile. Nilimweleza vizuri, nikampa mifano kama yako, ya sufuria na ya mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wewe Modeste, ukipeleka hiyo neno kwa mkubwa, yeye atauliza, na kapita ilikuwa wapi? Halafu mimi naenda, wewe naenda, yule naenda. Watu tatu. Saa hii anaenda moja. Hiyo hesabu hata mbuzi anajua."

Nikaona hesabu ni ya kweli, nikanyamaza. Ndiyo hivyo. Sikufichi, kwa sababu sioni cha kuficha. Ningesema, Mihigo asingerudishwa, na mimi ningekuja kukaa naye hapo kwenye kivuli, watoto wapate wawili wa kuwapigia kelele. Nani angepona? Wewe unataka nife naye ili uone kwamba nampenda. Mimi nina watu wanaokula jioni. Nina mgongo ambao msimamizi mwingine akiuona tu anasema, wewe mzee kaa pembeni, na mwaka wa arobaini sijaumaliza.

Unadhani nakaa huku kama bwana? Ni mimi niliyepewa kuukandika ule ukuta upya. Kuna msichana anayewaongoza wageni, jina lake Joanita, alileta picha za zamani akaniambia nifuate mistari ya vidole kama ilivyokuwa. Nikajaribu. Akasimama nyuma yangu akasema, "Banange, Modeste, hivi vidole ni vya kuchimba choo!" Nikapiga maji, nikafuta, nikaanza tena. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, wanaume hawakuigusa, na mimi ndiye niko pale kila siku, nachora kama mtoto, wageni wakinipita nyuma wakipiga picha. Sema basi kama huko ni kulamba sahani.

Nakuomba tena usije. Joanita si mtu mbaya, ila maneno yale anayasema kila siku na wageni wanacheka kila siku, na mtu akishachekewa haachi. Ukija hutanikuta. Siku hiyo nitaomba ruhusa.

Mdogo wako,
Modeste


Ruti
22 Julai 2024

Yaya,

Salamu. Natumaini lori liliwafikisha salama.

Nitakueleza ulichokifanya Jumamosi, kwa sababu nadhani wewe hukujiona. Mimi nilikuwepo. Ruhusa niliomba, Elly akakataa, akasema wageni ni wengi. Basi nilipoona lori linapanda kilima na nikasikia mnaimba, niliingia ndani ya ghala na ndoo yangu, nikawa nakandika upande wa ndani. Pale juu, mbele ya macho yangu, udongo ulikuwa bado haujafika. Kati yangu na ninyi yalikuwepo mafito tu.

Nilisikia tangu mwanzo. Nilimsikia Mama Ancilla akiuliza wanyama wako wapi. Joanita akamwambia, "Mama, hapa hakuna wanyama. Hapa ni nyumba ya zamani." Mwingine akasema, "Hizi?" Joanita akasema, "Eh, hizi. Ni za udongo, angalieni vile watu waliishi." Yule yule akasema, "Mwanangu, tumetoka ndani ya nyumba kama hii leo asubuhi. Njoo kwetu, tutakuonyesha bure." Hapo hata mimi nilicheka ndani mule, nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono wenye samadi.

Halafu mkafika kwenye ukuta. Walikuwepo na wanafunzi, sijui wa chuo gani. Joanita akaanza maneno yake: "Hii ukuta ilikaa zaidi ya miaka mia moja. Vita ilipita, mvua ilipita. Halafu ikakuja mukimbizi moja, jina yake Mihigo. Bosi akamwambia, udongo hapo tosha. Yeye akatoa yote!" Wanafunzi wakacheka kama wanavyocheka siku zote. Nikangoja kicheko cha akina mama, nisikie ni kikubwa kiasi gani. Hakikuja. Nikamsikia Mama Ancilla akiuliza, polepole, kama mtu anayedhani amepitwa na kitu: "Sasa si alifanya alichotumwa?"

Joanita akasema, "Hapana mama, aliambiwa tosha."

"Ndiyo. Na akatosha."

"Lakini tosha ni kuacha!"

"Kuacha ni kuacha," Mama Ancilla akasema. "Kutosha ni kutosha."

Ndipo nikasikia sauti yako. Ningeitambua hata ndani ya kisima. Ukasema: "Mimi ni bibi ya huyo Mihigo. Bamama, mukionyeshwa huu ukuta, mukaambiwa udongo hapo tosha, mutafanya nini?" Nao wote wakajibu kwa mdomo mmoja, kama wanajibu pasta: "Tutautosha!"

Ungeishia hapo. Lakini Mama Ancilla ni mtu wa kutii, tangu Uvira ni mtu wa kutii, akiambiwa neno mkono wake unatangulia. Nikaona vidole vinapenya katikati ya mafito mbele ya uso wangu, na kipande kizima cha udongo wangu, kile nilichokuwa nimekifuta na kukichora na kukifuta, kikaondoka. Wengine wakamfuata. Wakacheka sasa, na wanafunzi wakacheka, na simu zote zikawa juu. Elly akaja mbio anapiga kelele, "Tosha! Tosha! Nimesema tosha!" na wao wakazidi kubandua.

Ulipata ulichokitaka. Conrad alitoka ofisini, akasimama, akaelewa. Ulipoondoka aliniita. "Ulijua kwamba neno hili lina maana mbili?" Nikasema nilijua. "Tangu lini?" Tangu siku ile. "Basi kapita alikuwa wa kazi gani?" Nikamtazama Elly. Elly alikuwa anatazama viatu vyake. Leo Elly bado ni bosi, ana ndugu kule kambini wa kumsemea. Mimi nimerudisha koleo na ndoo.

Eliane anauliza tutakula nini. Nimemwambia amwandikie yaya.

Mdogo wako,
Modeste


Nakivale, Rubondo
3 Agosti 2024

Modeste,

Sisi wazima.

Ulikuwa ndani.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikafika kwenye neno hilo, nikakaa chini. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukuonea huruma. Nilikuwa nimemwambia Mihigo, Modeste ameponzwa na mimi, tufanye nini? Alikuwa ananiambia, mwite aje, tutagawana kilichopo. Kisha nikasoma.

Unanieleza nilichokifanya kwa sababu sikujiona. Basi nami nikueleze ulichokifanya, kwa sababu wewe hukujiona pia. Wale wanafunzi walikuwa wananicheka kabla sijasema kitu. Nilivaa kitenge cha kwaya, na viatu vya Bénédicte, binti yangu, maana vyangu vimepasuka. Nilipofungua mdomo kusema mimi ni mke wa Mihigo, mmoja alisema kitu kwa Kiingereza na wote wakainama kwa kicheko. Nikatazama ukuta ili nisiwatazame wao, na nyuma ya mafito nikaona kitu kinasogea. Nilidhani kuku.

Kuku, Modeste! Nilijiambia, wanafuga kuku ndani ya nyumba yao ya thamani. Na ulikuwa wewe, mkono mdomoni, unacheka.

Ungetoka tu. Nisingetaka hata useme. Ungetoka ukasimama karibu yangu na ndoo yako, wale wangeona kwamba mwanamke huyu ana mtu. Kazi ungeipoteza hata hivyo, umeona mwenyewe. Umeipoteza ukiwa umejificha, wakati ungeweza kuipoteza umesimama.

Habari za huku ni hizi. Conrad alimtuma mtu kwa pikipiki mpaka hapa kwetu, njia yote hiyo. Mihigo ameitwa arudi. Amekataa kwanza, akasema hawezi kurudi kwenye ukuta ambao anachekewa mbele yake. Conrad akatuma tena, akasema Joanita atayasema maneno yote mawili, la Elly na letu, na jina la Mihigo atalitaja kama jina la fundi. Sasa anakwenda Jumatatu. Na akina mama wanne wanakwenda naye kwa ajili ya ile mistari, maana watu wa Boma wamesema wanataka vidole vya wanawake. Mama Ancilla ndiye wa kwanza, ameapa kwamba safari hii atauliza kabla ya kugusa.

Jana mjane jirani yangu alikuja kumwomba Mihigo aangalie jiko lake, lile la mtu wa Juru limeshapasuka. Mihigo alikwenda. Mimi ningemwacha apike kwenye mvua.

Uliniambia Eliane amwandikie yaya wake. Aandike. Yeye nitamjibu, na unga nimemtumia, amwulize Provia. Wewe usiniandikie. Na Krismasi usije hapa kutusalimu, sitakuwa na neno la kukuambia, na mimi sijui kunyamaza vizuri kama wewe.

Pélagie


Kabingo
17 Novemba 2024

Yaya Pélagie,

Najua ulisema nisiandike. Nakusalimu hata hivyo. Eliane na watoto wazima. Kikohozi kimeisha tangu tuhame Ruti. Huku Kabingo vumbi ni lile lile lakini anasema la hapa limemzoea. Napakia matofali. Mgongo upo.

Siandiki kuomba kitu. Juzi nilikwenda Boma la Kale, nikalipa kiingilio kama mgeni. Mlinzi ananijua, alidhani namtania, akaniambia, "Wewe pita tu." Nikakataa, nikalipa, nikachukua tiketi. Nilitaka kusikia kinachosemwa, na mtu asiniambie kwamba nilijificha.

Nilitembezwa pamoja na wake wa wanajeshi kutoka kambini na watoto wao. Joanita aliniona. Alituonyesha nyumba ya chifu, akatuonyesha lile kanisa dogo, na mimi nilitazama juu aliposema tazameni juu, kama wengine. Sikuwahi kuyaona mapaa yale nikiwa sina mzigo kichwani.

Tukafika kwenye ghala. Ukuta umekwisha, yaya. Ni mzuri. Mistari ya akina mama inashuka imetulia, mtu hawezi kujua udongo wa kwanza uliishia wapi kama hakuambiwa. Mihigo alikuwa kwenye ngazi anamalizia pembe ya juu, ametupa mgongo. Joanita akasimulia. Alisema fundi Mihigo kutoka Nakivale aliambiwa neno moja, na kwa bosi neno hilo lilikuwa acha, na kwa fundi lilikuwa ondoa, na fundi alitii alichosikia. Akasema ndiye aliyeujenga tena na wanawake wa kanisa lake. Hakuna aliyecheka kwa ubaya. Mtoto mmoja alijaribu neno hilo mara mbili tatu kinywani. Jina la mume wako ni safi, nimelisikia kwa masikio yangu, na wewe ndiye uliyelisafisha. Hilo nakupa.

Kisha mke mmoja wa mwanajeshi, mtu mzima, akauliza: "Lakini hapakuwa na mtu wa kutafsiri? Watu wote hao wanafanya kazi pamoja, hakuna hata mmoja alijua lugha zote mbili?"

Joanita akanitazama. Akatazama juu kwenye ngazi.

Mihigo hakugeuka. Sijui hata kama alikuwa amejua niko pale, ingawa nadhani alijua. Nilipokohoa mkono wake ulisimama kidogo. Alisema, huku anaendelea kusawazisha udongo, "Hakukuwa na mtu."

Yule mama akasema, "Eeh, basi hiyo ni bahati mbaya." Wakaenda kutazama kitu kingine. Mimi nilibaki pale na tiketi yangu. Nilingoja ageuke. Alimaliza pembe yake, akashuka upande wa pili, akaenda kunawa.

Tangu siku ile silali vizuri. Inaweza kuwa alinifunika. Mtu mwingine angeninyooshea kidole kutoka juu ya ngazi ile, na watoto wale wangeondoka na jina langu kama walivyokuwa wanaondoka na lake. Na kweli siku ile nilikuwa nimefuata samadi, sikuwepo, kwa hiyo hakusema uongo. Lakini inaweza kuwa alisema vile kwa sababu nyingine. Eliane anasema nimwulize mwenyewe. Sina uso wa kumwuliza.

Wewe mwulize. Nataka kujua tu ilikuwa huruma au ilikuwa dharau. Lolote atakalosema niandikie kama alivyolisema, usiongeze, usipunguze.

Mdogo wako,
Modeste


Nakivale, Rubondo
1 Desemba 2024

Nimemwuliza. Tulikuwa tunakula. Alisema, "Kwani kulikuwa na mtu?" Akaomba chumvi.

Pélagie